KUSHTAKI SI KUKOSA SUBIRA

 

Ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa aliyehamia Kakamega kwa biashara, ametuletea barua ndefu ambayo hatuwezi kuichapa yote. Kwa ufupi ni hivi. Duka lake lilivunjwa usiku, na kijana wake aliyekuwa amelala humo akakatwa panga mkononi. Kulipokucha alikwenda kituo cha polisi. Akaambiwa gari halina mafuta, na akitaka askari waende wakaangalie, anunue yeye. Akanunua. Askari wakaenda, wakatazama, wakarudi. Alipotaka nambari ya daftari la kituo, lile watu waliitalo OB, akaambiwa aje kesho. Na hiyo kesho sasa imekuwa miezi minne. Mmoja katika wale anaowashuku hupita mbele ya duka mchana na kumwamkia.

Alipoazimia kuwashtaki askari hao kwa wakubwa wao, wazee wa mtaani walimzuia. Walimwambia kwamba Muislamu hustahimili, kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia, na kwamba kuzunguka maofisini na karatasi ni kukosa imani. Mmoja akajitolea kumsomea Halbadiri. Atuuliza: je, kushtaki ni kukosa subira? Na hao wenye kupokea mashtaka, ni lipi linalowawajibikia?

Kituo hicho hatukitaji, wala askari wenyewe, kwa kuwa tumesikia upande mmoja tu. Katika sura ya Saad, Mwenyezi Mungu atusimulia habari ya Nabii Daudi (a.s.) na wagomvi wawili waliomwingilia mihrabuni, na baadhi ya wafasiri wamesema kwamba alilojutia ni kutoa hukumu kabla ya kumsikiza wa pili. Kama Nabii amekumbushwa hivyo, gazeti dogo la darsa kama hili halina ruhusa ya kuwa na haraka zaidi.

Tuanze na subira. Subira ni kuuzuia moyo usimchukie Mola, na kuuzuia ulimi na mkono visitende haramu. Haikupata kuwa maana yake ni kunyamaza haki ikipotea. Nabii Yaakub (a.s.), ambaye ni mfano wa subira njema, alilia mpaka macho yakaingia weupe, na akatangaza kwamba yeye ampelekea Mungu mashtaka ya huzuni yake. Na katika sura ya Nisaa, aya ya 148, Mola wetu ametaja kwamba hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, kisha akamtoa katika katazo hilo mtu mmoja tu, naye ni aliyedhulumiwa. Kadhalika iko sura nzima iitwayo Mujadala, iliyopata jina lake kwa mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshtaki mumewe. Hakuambiwa arudi nyumbani akastahimili. Aya ya kwanza ya sura hiyo yathibitisha kwamba maneno yake yalisikiwa mbinguni, kisha ikateremka sharia ya kumwondolea dhiki yake. Basi anayesema kwamba mwenye kulalamika amepungukiwa na imani, na aisome sura hiyo tena.

Ama ile hadithi ya dua ya madhulumu, ni sahihi, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini ndugu zetu, tazameni iliambiwa nani. Mtume (s.a.w.) hakuisema kumliwaza mtu aliyeibiwa ili anyamaze. Aliisema kumwambia Muadh bin Jabal siku alipompeleka Yemen kuwa mwakilishi wake, mtu aliyepewa madaraka juu ya watu na mali zao. Ni onyo kwa mwenye ofisi. Sisi tumeipindua: twamsomea aliyedhulumiwa ili akae kimya, na yule aliyekusudiwa hatumsomei hata siku moja.

Na Halbadiri, masahaba wa Badri twawapenda na twawatukuza, lakini hapana mmoja kati yao aliyefundisha kwamba majina yao yasomwe ili mwizi avimbe tumbo. Wao walipodhulumiwa walikwenda kwa Mtume wakasema mbele yake, na mshtakiwa akaitwa. Twajua kwa nini watu wa pwani wameshikamana na Halbadiri. Mlango wa ofisi ukifungwa, mtu hutafuta mlango mwingine. Huku kwetu ni buhuri na kisomo. Kwingine ni mpira wa gari na mafuta ya taa, na kijana huchomwa barabarani kabla ya yeyote kuuliza kama ndiye. Yote mawili yazaliwa na daftari lisiloandikwa.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: Kakamega ni mbali, yatuhusu nini? Njia ya misafara ya pwani kwenda Uganda ilipita Mumias katika karne ya 19, na Uislamu wa upande ule ulikwenda na mizigo ya babu zetu. Nyumba nyingi za kwetu zina jamaa huko mpaka leo. Tena yaliyotokea upande ule mwaka 2013 yaliifedhehesha Kenya nzima mbele ya dunia, na pwani ni sehemu ya Kenya.

Mwaka huo, katika kaunti ya Busia, jirani ya Kakamega, zamani zote mbili zikiwa katika mkoa mmoja wa Magharibi ulioendeshwa kutoka Kakamega, msichana wa miaka 16 alishambuliwa usiku na kundi la wanaume, wakamnajisi na kumtupa shimoni, akaumia vibaya. Watu walikamatwa wakapelekwa kwa askari. Adhabu waliyopewa ni kukata nyasi kituoni, kisha wakaenda zao. Mama wa mtoto alilalamika kijijini na hapana aliyemsikia. Kisa kilipotoka gazetini mwezi wa Oktoba, watu zaidi ya milioni moja wa nchi mbalimbali walitia sahihi zao, na tarehe 31 Oktoba 2013 waandamanaji wakenda Nairobi mpaka ofisi ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Hapo ndipo mashine ya serikali ilipoanza kuzunguka, na Aprili 2015 watu watatu wakafungwa miaka 15.

Fikirini hesabu hiyo. Mama mmoja kijijini hakutosha. Ilibidi pawe na sahihi milioni. Basi madhulumu ambaye gazeti halikumwona, na wale ni wengi zaidi, alipata nini?

Haikuwa kwamba sheria haijulikani. Tarehe 27 Mei 2013, mwezi mmoja tu kabla ya jambo lile, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imekwisha kuamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, ambao malalamiko yao polisi walikuwa wameyapuuza. Hawakumshtaki aliyewanajisi peke yake, waliishtaki polisi kwa kutochunguza. Mahakama ikasema kwamba kuacha kuchunguza upesi na ipasavyo ni kuvunja haki zao kwenyewe, na ikaamuru polisi watende kazi yao. Hukumu hii twaiona kuwa kubwa mno, kwa sababu imeondoa ule udhuru wa kale kwamba askari hakumpiga mtu wala hakumwibia, basi hana kosa. Aliyepewa amana ya kumlinda mtu akaiacha ikaharibika, amekwisha kukosa.

Sasa tuje kwenye suala la pili, la hao wapokeao mashtaka. Hatuoni mfano ulio bora kuliko ule alioupokea Bukhari kutoka kwa Jabir bin Samura, nasi tungependa kila mkuu wa kituo na kila mkuu wa tume ausikie.

Watu wa Kufa walimshtaki gavana wao kwa Sayyidna Umar (r.a.). Gavana huyo hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Saad bin Abi Waqqas, mmoja katika kumi waliobashiriwa pepo, na ndiye aliyeongoza jeshi la Kadisia. Na mashtaka yenyewe mengine yalikuwa ya kushangaza: walisema hata kusali hasalishi vizuri! Lau ingekuwa ofisi za leo, barua hiyo ingetupwa kapuni na karani wa kwanza, au ingepelekwa kwa Saad mwenyewe ili aijibu, na walioiandika wangejulikana majina kabla ya magharibi.

Umar alifanyaje? Kwanza alimwondoa Saad kazini, akamweka Ammar bin Yasir mahali pake, ili watu wa Kufa waweze kusema bila ya kuwa chini ya mkono wa wanayemshtaki. Kisha alimwita Saad, akamweleza usoni yale aliyoshtakiwa, akamsikiza. Saad akaeleza namna anavyosali, kwamba aifuata sala ya Mtume, akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha za mwisho. Umar akamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyomdhania. Lakini hakutosheka na dhana yake njema! Alipeleka watu Kufa wakauliza msikiti kwa msikiti, bila ya kuacha hata mmoja, na kila mahali Saad akasifiwa, mpaka katika msikiti wa Bani Absi alipoinuka mtu mmoja akamsingizia dhulma. Na mwisho, Umar alipokuwa kitandani akikaribia kufa, alimtaja Saad miongoni mwa sita wa kushauriana ukhalifa, na akaeleza wazi kwamba hakumuuzulu kwa sababu ya udhaifu wala khiyana.

Katika kisa hiki kimoja pana elimu yote tuitakayo. Shtaka lilipokewa hata likiwa dhaifu, na hata aliyeshtakiwa akiwa mtukufu. Mshtakiwa hakuachiwa ajichunguze mwenyewe. Alisikizwa. Uchunguzi ulikwenda mpaka kwa watu, haukungoja watu waufuate mji mkuu. Na jawabu likatangazwa, tena jawabu la kumsafisha aliyesingiziwa, kwani hiyo nayo ni haki. Twaomba wasomaji wetu wakitie moyoni kile cha kwanza, cha kuondolewa kazini kwa muda. Kumwondoa mtu ili uchunguzi upite si kumhukumu, na Saad hakupungukiwa na kitu. Leo askari akishtakiwa, watetezi wake husema kumhamisha ni kumharibia jina, kana kwamba jina lake lina thamani kuliko la Saad.

Baadaye jambo hili likafanywa idara kamili, ikaitwa Diwani ya Madhalimu, mahali pa kushtakia wenye nguvu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, ameeleza kwamba baraza hilo haliwi kamili ila wakiwapo watu wa namna tano: walinzi wa kumleta mwenye nguvu akikataa, makadhi, wanazuoni wa sharia, waandishi, na mashahidi. Vituo vyetu vina walinzi tele. Mwandishi ndiye hapatikani.

Wazungu nao walikuja kulijua jambo hili. Sweden iliweka mpokeaji malalamiko wa bunge mwaka 1809. Huku kwetu, Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ikawatangulia wengine barani Afrika. Umoja wa Mataifa ulitoa tamko juu ya haki za waliofanyiwa uhalifu mwaka 1985. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2004, iliamuru Wizara yake ya Sheria iwe na mahali pa kupokea malalamiko ya waliofanyiwa uhalifu dhidi ya watumishi wa wizara hiyo, na mtumishi akionekana ana kosa aweze kusimamishwa au kufukuzwa. Hilo ni jema. Lakini sheria hiyohiyo yasema kwamba neno la mwisho ni la mkuu wa wizara yenyewe na mahakama haitazami tena. Hapo twasema waziwazi kwamba Umar alikuwa mbele yao, kwani jambo la Saad lilipelekwa mpaka kwenye misikiti ya watu wa Kufa.

Na Kenya je? Kwa maandishi, Kenya haina upungufu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, iliamuru itungwe sheria ya kuwalinda waliofanyiwa uhalifu, ikatungwa mwaka 2014. Kwa sheria hiyo madhulumu ana haki ya kupewa habari ya kesi yake, ya kusikizwa, ya kulindwa na kuheshimiwa, na pana bodi iliyowekwa kwa ajili yake. Mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kuundwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, maarufu kwa jina la IPOA, ambayo si polisi, nayo ina ofisi Kakamega kwenyewe. Polisi nao wana kitengo chao cha ndani cha kuchunguza askari. Tena iko Tume ya Haki ya Utawala, kwa mtu aliyecheleweshwa au kudharauliwa na ofisi yoyote ya serikali.

Basi upungufu uko wapi? Uko katika kurushwa. Madhulumu aenda kwa huyu, aambiwa neno lake ni la yule; kwa yule aambiwa arudi kituoni kwanza. Nauli yamalizika, na moyo nao. Kila ofisi yasema kweli kwamba ina mipaka yake, kwa mfano IPOA yenyewe haifukuzi askari, huchunguza na kupendekeza. Lakini mipaka ya ofisi ni jambo la maofisi wao kwa wao. Aliyelipokea lalamiko kwanza amekwisha kuibeba amana, na kama si lake, ni juu yake yeye kulipeleka panapostahili na kumwambia mwenyewe limekwenda wapi. Si haki mtu aliyekatwa panga awe tarishi wa serikali. Kuandikisha tukio kituoni ni bure, na nambari ya daftari ni haki yake siku ileile. Askari anayetajwa katika lalamiko asiwe ndiye mwenye kuliandika wala kulichunguza. Mwanamke aliyevunjiwa heshima asisimamishwe mezani mbele ya foleni aeleze kwa sauti. Na jawabu litoke hata likiwa ni la kutompendeza, kwa maana mtu aliyeambiwa hapana ushahidi na akaelezwa sababu, aweza kulala; asiyeambiwa kitu, halali.

Lakini tusiwalaumu maofisa tukajisahau. Huku pwani, mambo ya aibu humalizwa sebuleni. Binti aharibiwa, wazee wakaa, pesa zatoka, baba azipokea, Fatiha yasomwa, na jambo huitwa maslaha au suluhu. Suluhu katika deni, mipaka ya shamba na ugomvi wa mke na mume ni jambo jema lenye thawabu. Lakini mwenye haki ndiye awezaye kuisamehe, na hapa mwenye haki ni binti, naye hakuulizwa. Wengine humpelekea kadhi, na kadhi kwa Katiba ya Kenya hana hukumu ila katika ndoa, talaka, mirathi na hali za Waislamu. Jinai si yake. Ofisi itapokeaje lalamiko ambalo sisi wenyewe tumelizika sebuleni?

Wako wanaoogopa kwamba haya yakifunguliwa, kila mwenye chuki atamsingizia adui yake. Khofu hiyo ina msingi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr kisa cha mwanamke aliyetoka kwenda kusali akashikwa na mtu kwa nguvu. Alipopiga kelele, watu wakamkamata mtu mwingine, na yeye kwa mfazaiko akathibitisha kuwa ndiye. Alipokaribia kuadhibiwa, mkosaji wa kweli akasimama akakiri. Mtume (s.a.w.) akamwambia mwanamke kwamba Mungu amekwisha kumsamehe na aende zake, na yule mwanamume aliyeshikwa bure akamwambia maneno mema. Hakumlaumu mwanamke kwa kutoka nyumbani, wala hakumwadhibu kwa kukosea. Katika kisa hiki madhulumu ni wawili, na wote wawili wamepata haki zao.

Ndiyo maana sura ya Israi, aya ya 33, imempa jamaa wa aliyeuawa mamlaka, na papo hapo ikamkataza kupita mpaka. Na lililo karibu na hilo ndilo lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2020, katika kesi ya mauaji iliyotoka Bungoma, jirani nyingine ya Kakamega: kwamba jamaa wa aliyeuawa si watazamaji tu, waweza kusema mahakamani kupitia wakili wao, lakini hawawi mwendesha mashtaka wa pili, wala haki ya mshtakiwa haipunguzwi kwa ajili yao, na jaji ndiye mwenye kuchunga mpaka huo.

Ndugu yetu wa Kakamega twamjibu hivi. Andika tarehe, saa, na jina au nambari ya kila askari uliyesema naye, pamoja na kiasi cha pesa ulichotoa kwa mafuta. Wapige picha jeraha la kijana na uitunze karatasi ya hospitali. Nenda kwa mkuu wa kituo kwa adabu, na barua yenye nakala mbili, moja ikapigwe muhuri urudi nayo. Usimtaje yule unayemshuku kuwa mwizi. Sema unamshuku, na sababu zako. Ukipita muda wa haki bila jawabu, ofisi ya IPOA iko mjini humo kwako, nao hupokea hata lalamiko la mdomo.

Na kwa wenzetu wa hapa ambao kalamu ni nzito kwao, darsa yetu imeazimia kwamba kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri wawili katika wanafunzi watakaa barazani na karatasi, kumwandikia bure mtu yeyote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Waje na nambari ya daftari la kituo wakiwa nayo. Wasiokuwa nayo waje vilevile, na hilo litakuwa ndilo lalamiko lao la kwanza.